Kamba na Kitambaa

Ijumaa ile, Kengeja, beberu wa baba
alilamba bomba la kunyunyizia tungule.
Adhana ya alasiri haijaisha
mate yalikwishamfika magotini,
machozi, mkojo, kinyesi, vyote vimefunguliwa milango,
mboni zimekuwa matundu ya sindano,
na nyama ya mapajani ikicheza chini ya ngozi
kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka.

Baba naye kwenye kibaraza cha jikoni,
mkono wa kulia ukihesabu tasbihi isiyokuwapo.
Ua mmoja, watetemekaji wawili.

Mkasi wa mifugo alikuja na vespa,
kalamu sikioni.
Akamchoma beberu atropini, akamchoma tena,
akangoja mate yakauke, huku akinambia
kwa sauti ya mtu anayehesabu dozi:

"Kuna tarishi anaitwa asetilikolini.
Neva ikimtuma, msuli hujikunja.
Kisha huja mfagizi, akamwondoa mlangoni,
ndipo msuli hupumua.
Sumu ya tungule imemfunga mfagizi mikono.
Tarishi anabisha, anabisha, anabisha,
na hakuna wa kumwambia: tumekusikia."

Nikauliza, "Na baba?"
Akafuta sindano polepole.
"Ya baba yako kesi nyengine. Ila tarishi ni yule yule."

Mkoani, hospitali, nilikwishaoneshwa
picha ya ubongo uliokatwa kama boga:
dopamini imepungua, seli zinazoitengeneza
zinaondoka moja moja bila kuaga.
Nikayabeba maneno hayo hadi nyumbani.
Mbele ya baba yakamwagika.

Ni yeye aliyenifasiria.
Shaame Khatib, aliyecheza ng'ombe miaka kumi na minane,
aliyepasuliwa paja na dume la Chwale
akarudi uwanjani kudai kitambaa chake.

"Ng'ombe," alisema, na sauti yake siku hizi
inabidi uiinamie kama unanusa chungu,
"ng'ombe hachezi kwa ukali wake.
Yuko wa kitambaa, humwita: njoo.
Yuko wa kamba, humwambia: hapo hapo.
Wakisikilizana, mchezo huwa mtamu
na watu hurudi kwao na matumbo yao.
Sasa chukulia wa kitambaa hakutokea.
Mshika kamba hajawa mbaya, mwanangu.
Kabaki peke yake tu, na anavuta."

Akautazama mkono wake ukivutwa.

Ndiyo maana vidonge ni viwili.
Kimoja humrudisha wa kitambaa kwa saa tatu, nne.
Kingine humlegeza wa kamba,
na hicho humkausha baba midomo
kama sindano ilivyomkausha beberu.
Kidonge na sindano, watoto wa mtu na nduguye.

Magharibi beberu alisimama.
Akaanguka, akasimama,
akaanza kutafuna pindo la kanga yangu.

Baba alitaka kuingia ndani kusali.
Kizingitini miguu ikagoma,
kizingiti cha inchi mbili tu,
kiwiliwili kimeshatangulia, nyayo zimegandia saruji.
Sikumvuta. Nimejifunza kutomvuta.
Nikapiga sufuria kwa kiganja, nne, na nne tena,
mdundo ule wa ng'ombe akitolewa zizini,
na yeye akapokea:

   Ilegeze hiyo kamba, nivuke huu mlango,
   kitambaa kinatamba, nakisikia kwa shingo

Kufika kwenye *mlango* mguu ulikwishavuka.
Mdundo, nadhani, hupita njia za panya
kama karafuu za magendo,
haupiti kituo kile kilichofungwa.
Mkasi alikuwa anawasha vespa. Akaizima, akatazama.
Hakusema kitu, wala hakuandika.

Baada ya salamu
mkono ulirudi kwenye tasbihi yake.
Nikauacha uhesabu.