Nilichelewa kwa Pumzi Moja

Jumapili ya mwisho wa mwezi, studio ya Nyemo, Barabara ya Tisa,
hufungwa mbele ikafunguliwa uani.
Pazia la bluu la picha za pasipoti linakunjwa,
kamba inavutwa toka nondo ya dirisha hadi kwenye msumari,
na sisi, wapigapicha wa siku moja kwa wiki,
tunaning'iniza kazi zetu kwa vibanio vya nguo.
Sharti ni moja: usitutajie kamera.
Sema ulisimama wapi, na nini kilikuuma.

Sechelela, muuguzi, katoka zamu ya usiku, ndiye wa kwanza.
Heroe wa Bahi: waridi tupu juu ya maji ya rangi ya chai.
Loh, tunasema.
Anasema, hamlioni tope.
Lilinimeza hadi magotini, na kiatu cha kushoto
kiko huko mpaka leo, kambare kapanga.
Wala hamumwoni mtoto aliyenivuta kwa fimbo ya kuchungia,
akadai mia tano, nikampa elfu,
akanirudishia chenji ya karanga.

Mughenyi, fundi baiskeli, ana kinyonga
juu ya mzabibu wa Hombolo, jicho moja kwetu, jingine kwa Mungu.
"Nilikwenda kudai deni. Shemeji akajificha.
Nikakaa saa tatu kwenye mstari wa mizabibu,
nikamwona huyu anavuka waya,
anapiga hatua, anaifikiria upya.
Deni sijalipwa.
Ila kinyonga alifika kabla ya shemeji."
Tukacheka mpaka jirani wa cherehani akagonga ukuta.

Halafu Mwasiti. Kondoa, korongo jekundu,
kuta zimemegwa kama mkate uliokatwa na mtoto.
Nzuri kuliko zote; mwanga wa jioni umelala humo.
"Hapa katikati," akaweka kidole
pasipokuwa na kitu,
"bibi alilima mtama."
Akakaa.

Zamu yangu.
Mimi husoma mita za maji, Kizota hadi Nkuhungu,
macho yangu yamezoea namba ndogo ndani ya mashimo.
Jumamosi sita nimepanda miamba ya Ntyuka
kumvizia tai mweusi anayewinda pimbi.
Nimejifunza kulala kifudifudi,
nimeijua miiba kwa majina.
Jumamosi ya sita, akaja.
Bila sauti, kivuli kimemtangulia mwenyewe.
Na simu, ileile niliyoishika kama kamera,
ikaita mkononi:
mama, anauliza kama nimekula.

Nilipobonyeza, lilikuwepo jiwe.
Hilo hapo. Jiwe, na ukungu kidogo pembeni.
Nilikuja na uongo wangu nimeupiga pasi:
ningesema ukungu ule ni bawa.
Nyemo akauliza, "Ulikuwa umesimama wapi?"
Nikasema: nilikuwa nimelala.
Nikamjibu mama, nimekula,
na sikuwa nimekula.
Kisha pimbi waliobaki wakatoka nyufani, mmoja mmoja,
wakaketi palepale penye joto,
wakaota jua alipoondokea mwenzao.
Hiyo sikuipiga.
Mkono nilikuwa nimeshaushusha.

Kabla mtu hajasema neno, mlango wa mbele ukagongwa.
Kijana kutoka Mvumi, anataka pasipoti saizi, nne, za leo,
kesho ana usaili.
"Jumapili hii?" Nyemo akasema, huku analikunjua pazia.
Akamketisha, akamnyoosha kola,
akamkata toka kifuani kwenda juu.
Sisi tuliobanana ukutani tukaona kilichobaki chini:
vumbi la njia hadi magotini,
na uvunguni mwa stuli jogoo mwekundu,
miguu imefungwa kwa kipande cha kanga,
akipepesa jicho kila taa ilipomulika.