Mwendo wa Goti

Ratiba ninayo mimi, nimeikunja mara nne
ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho:
kuondoka Burj al-Sahwa, saa kumi na mbili asubuhi;
kurudi, saa kumi na moja na robo,
na baada ya hilo, Ijumaa, hakuna jingine.
Kati ya basi na basi ni milima.

Tulikuwa saba. Bi Thureya, aliyeuguza watu
miaka thelathini hospitali ya Nizwa,
bakora mkononi, mkate wa kumimina kwapani;
Msellem na goti lake;
Zayana na pacha wake, wanaojua Kiswahili
cha kukaripiwa tu;
mimi; na Mbeyu wa Kilifi, mpishi wa watu huko Al-Khoudh,
ambaye geti lake hufungwa saa tatu usiku.

Dereva akatushusha njia panda ya Izki.
Akalitazama jabali, akatutazama sisi,
akafunga mlango polepole
kama anayefunika chungu kisichoiva.

Mlima wa huku haukwambii karibu.
Ni mfupa mtupu, ulioanikwa tangu zamani,
na kokoto zake hulia chini ya kiatu
kama vyombo vinavyooshwa.
Alama za njia zimepakwa mwambani,
njano, nyeupe, nyekundu,
na hupotea pale hasa unapozihitaji.
Mbuzi mmoja alitutangulia nusu saa nzima,
akigeuka, akigeuka,
mwenye nyumba asiyeamini wageni.

Huko juu, uwanda.
Upepo wa Januari ukaingia mikononi mwa kanzu ya Msellem,
ukamnenepesha ghafla. Pacha wakacheka.
Kisha tukatembea muda mrefu bila neno,
kila mtu na pumzi yake,
kila mtu na mgongo wa mwenzake wa kuutazama.
Sijui kwa nini ukimya ule ulinishibisha.

Adhuhuri tukakusuru sala.
Mbeyu akabaki na viatu vyetu,
akavipanga jozi kwa jozi,
vidole vikielekea tunakokwenda.

"Nikiwa mdogo Wete," Bi Thureya alisema, akikata mkate,
"bibi alinisimulia milima hii usiku kucha.
Hakuniambia kuwa haina hata mti."
Akaitafuna ile habari pamoja na mkate.

Saa tisa goti la Msellem likagoma.
"Nendeni, wahini basi. Mpwa wangu
atakuja na pikapu, atanikuta bondeni."
Hakuna aliyejibu. Nikatoa ratiba,
nikaikunjua, kana kwamba imeongeza mstari.
Ni Mbeyu, mwenye geti, aliyerudi nyuma,
akampa bega.
"Twende mwendo wa goti," akasema.

Nikatazama saa. Nikatazama tena.
Mwishowe nikaivua, nikaitia mfukoni
pamoja na kokwa za tende.

Tuliusikia mfereji kabla ya kuuona,
maji yakinong'ona chini ya migomba
ya Birkat al-Mauz, Birika la Ndizi kwa lugha yetu,
na harufu ya tope, Mungu wangu, harufu ya tope.
Pacha wakatumbukiza miguu bila kuvua soksi.
Na kule chini barabarani basi, dogo mithili ya kibiriti, jekundu,
likasimama, halikupata mtu,
likaondoka.

"Geti," Mbeyu akasema, si kwa sauti.

Bi Thureya akanyoosha kiganja, akapewa simu.
Akazungumza Kiarabu cha wodini,
kile cha kuwaambia jamaa wa mgonjwa watoke nje:
yuko nami, atachelewa, msifunge.
Akakata. Hakutuambia alijibiwa nini.

Tukakaa kando ya lami kumngoja mpwa,
saba safu moja, tukavua viatu,
kila mtu akamwaga mlima wake.
Wa Mbeyu ulikuwa na changarawe nyingi kuliko yetu,
na alikuwa hajasimama kuzitoa hata mara moja.