Saa Thelathini

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya bata,
ipo ratiba. Jina langu limeandikwa kwa wino wa kijani:
Nurzat, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu.
Nurzat, saa tisa mpaka wakilala.
Jumla saa thelathini kwa wiki. Mkataba unasema
mimi ni kama dada mkubwa wa nyumba hii.
Hilo neno "kama" nimelisoma mara nyingi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu ni kigari cha Jonte.
Gurudumu la mbele linalia kama paka aliyekanyagwa mkia,
nalisukuma juu ya mawe ya Bremen
katika mvua nyembamba, isiyokatika,
mvua ya watu wasiopenda kelele.

Asubuhi ni soksi. Merle hataki za bluu.
Merle hataki zenye mshono.
Ana miaka sita, mapengo mawili,
na sarufi isiyoteleza: si *der*, Nurzat, ni *die*.
Ahsante mwalimu, nasema,
huku nimepiga magoti namfunga viatu.

Nimejifunza mapipa manne: la karatasi, la plastiki,
la maganda, na la vyote visivyo na kwao.
Wiki ya kwanza nilitupa kifuko cha chai pasipo pake.
Imke alikitoa kwa vidole viwili, akakihamisha,
akatabasamu.
Tabasamu lile lilinichosha kuliko ngazi.

Si watu wabaya. Hilo nalisema mapema.
Walininunulia koti. Holger alijaribu kupika wali wa kwetu,
akasahau karoti, akaomba radhi dakika ishirini.
Ila chumba changu kiko darini,
na wakigombana hunong'ona kwa ajili yangu,
nami usiku hunyata kwa ajili yao,
hivyo nyumba nzima
inatembea kwa ncha za vidole.

Jumanne, mezani, viazi na samaki.
Jonte, aliyechelewa kusema,
ambaye ulimi wake umeshaandikiwa barua na daktari,
akainua kikombe kitupu juu ya kichwa:

Suu.

Imke akaweka uma chini. Amesema nini?
Holger akanitazama. Mimi nikatazama viazi.
Merle, bila kuacha kutafuna, akasema:
Maji. Kwa kina Nurzat ndiyo maji.

Kila jioni bafuni, nikimmwagia mgongo,
suu, namwambia, suu, inakuja suu.
Sikuwa nafundisha.
Nilikuwa naongea na mtu asiyenisahihisha.

Imke akammiminia. Akainama, mdomo karibu na sikio,
akalitamka la kwao polepole,
kama mtu anayemvisha mtoto fulana kichwani.
Jonte akanywa yote. Akashusha kikombe.
Akanigeukia mimi, si yeye:
suu.
Holger akacheka, halafu akaacha.
Nikainuka kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Agosti mkataba unakwisha.
Mtoto wa miaka miwili hana ghala.
Kabla majani hayajaanguka pale nje ya duka la mikate
neno langu litakuwa limemkauka mdomoni,
hata doa lisibaki. Najua. Nimewahi kuwa na miaka miwili
na kuna shangazi aliyenibeba simkumbuki.

Usiku wa manane mama akapiga simu kutoka Naryn.
Kwao karibu kunapambazuka, yuko zizini,
nyuma yake ng'ombe anakohoa.
Umekonda, akasema. Huli huko.
"Doch," nikamjibu, upesi,
neno lao dogo la kukataa kukataliwa,
limetoka kabla sijalichagua.

Kimya. Ndoo ikagonga kitu.
Nini? akauliza mama.
Umesema nini?