Megabaiti Sitini na Nne

Kompyuta ya kituo cha afya cha Cimpunda ililetwa kwangu
imefungwa kitenge, mgongoni mwa Cirhuza,
kama mtoto mwenye homa.
Akaitua mezani. "Inachoka," akasema.
"Ukifungua daftari la wajawazito
unaweza kwenda kuteka maji ukarudi."

Nikaiwasha. Megabaiti sitini na nne,
na ndani umati:
dereva wa kamera isiyokuwepo,
dereva wa redio ambayo haijawahi kuunganishwa,
madereva wa printa tatu za ofisi fulani ya Ulaya,
wote wameketi tangu asubuhi, hawana kazi,
wanakula kumbukumbu.

Mimi nimekulia chumba kimoja, mteremko wa Kadutu,
watu saba. Hilo nalijua.
Godoro lilisimama mchana, likalala usiku kama sisi.
Jiko la makaa liliingia saa kumi na moja,
likitoka, miguu ya baba inapata pa kunyooka.
Benchi la wageni lilikaa kwa jirani, M'Mugaruka;
mgeni abishe kwanza, ndipo liitwe.

Basi nikakijenga kiini upya, usiku,
saa tano hadi saa tisa, kuranti ilipokuwepo.
Nikakiachia diski, kibodi, kioo,
vitu ambavyo pasipo hivyo hakiamki.
Vingine nikavitoa nje, vikangoje kwenye diski,
vipande vipande, kila kimoja na jina lake:
printa, iitwe siku ya ripoti;
fleshi, iitwe ikichomekwa;
sauti, hapana. Kituo hakiimbi.

Alfajiri nikajaribu. Pakia.
Karatasi ikatoka, majina kumi na manne,
na tarehe za kujifungua.
Ondoa.
Ikakataa.
Inatumika, ikasema. Wanaoitumia: mmoja.
Mmoja nani? Printa imenyamaza,
waya nimeushika mkononi.

Nikakaa nikiitazama ile moja.

Nyumbani kuna viatu vya baba nyuma ya mlango,
tangu aende Kamituga kuchimba, mwaka wa nane huu.
Kila tukikosa pa kuweka ndoo
mmoja wetu huvinyanyua,
na mama, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria:
"Viache. Vina mtu."

Nilimpata aliyeshika: kazi ndogo ya foleni,
imesahauliwa, imelala,
inasubiri karatasi ya kumi na tano.
Nikaizima. Kipande kikatoka.
Kilobaiti arobaini zikarudi,
si nyingi; kama kusogeza stuli.

Cirhuza alifika saa mbili, tope hadi magotini.
Daftari likafunguka kabla hajaketi.
"Umeongeza nini?"
Nikamwambia sijaongeza kitu.
Akanitazama kama anayeibiwa, akalipa nusu,
akaifunga kitenge chake.

Jioni mvua. Ndoo ilikuwa nje, imejaa.
Nikaiingiza, nikatafuta pa kuiweka,
nikarudi nayo nje,
nikivipita viatu upande upande.