Elfu Tatu na Mia Mbili

Tangu Mfunguo Sita nakunja pindo za kanzu,
ya mtu mzima hamsini, ya mtoto thalathini,
na kila noti naisukuma ndani ya kopo la maziwa ya unga
alilolimaliza mpwa wangu kabla hajaota meno.
Elfu tatu na mia mbili.
Nimezihesabu mara nne,
ile ya nne nikitaraji zimezaana.

Duka la Lali Shekuwe liko Langoni,
jirani na fundi saa
ambaye saa yake mwenyewe imesimama.
"Hedifoni? Karibu. Wataka ya rangi gani?"
Rangi!
Nimekuja na masikio, Lali.

Akanivisha moja yenye taa za buluu, inamulika kama bwana harusi.
Ngoma tupu. Ngoma ikinigonga kifuani,
na mwimbaji yuko kule, mbali,
kama mtu aliyefungiwa chooni akiomba afunguliwe.
"Vijana waipenda hii."
Nawaipende.

Kisha ile nzito, nyeusi, laini kama kitako cha paka.
Nilipoivaa Langoni yote ikazimika.
Muuza halua alipita akinadi, kinywa wazi, bila neno.
Midomo ya Lali ikachezacheza: alikuwa akitaja bei.
Nikaivua ndipo nikaisikia.
Elfu nane.
Nikairudisha polepole, kama pete ya kuazima.

"Hata ungekuwa nazo," akasema, kunifariji,
"vichochoro vyetu hivi, punda utamsikiaje?
Juzi Bwanaheri wa Mkomani kaivaa kama hiyo,
watu wampigia kelele, Punda! Punda huyo nyuma!
yeye atikisa kichwa kwa raha zake.
Mfuko wa saruji mgongoni, ukuta usoni.
Hedifoni ilisalimika.
Bwanaheri ana nyuzi tano."

Ya tatu hakunionyesha.
Niliiona mwenyewe chini ya daftari la madeni:
waya mrefu, sponji imechanika kushoto,
jina limefutwa na vidole.
"Hiyo yangu mimi," akasema.
Basi, nikajibu, ndiyo nitakayo.
Muuza samaki humjui kwa anachokusifia,
humjua kwa anachokwenda nacho nyumbani.

Muziki mgeni haukwambii kitu; kila kipya kitamu.
Kwa hiyo nikafungua ule wa harusi ya binamu,
uliotolewa kwenye kanda kabla haijaliwa na kutu,
ninaoujua kama ngazi za kwetu gizani:
hapa matari, hapa vigelegele,
hapa kijiko kinaanguka na mtoto analia.
Nikachomeka waya kwenye simu yangu kuukuu,
ambayo, alhamdulillahi, tundu ingali nalo.

Lo.
Tari lina ngozi.
Mpigaji ana pete, na pete yagonga ubao.
Makofi niliyoyadhania mvua
ni viganja, kimoja kimoja, na kimoja chachelewa kila mara.
Na nyuma, upande wa kulia, karibu na mlango,
sauti ninayoishi nayo miaka ishirini na sita
inanong'ona, haijui kama yanaswa:
"Munyu umezidi. Pilau hii, munyu umezidi."

Nikacheka peke yangu, mkono mdomoni.
Lali akadhani nimegundua kasoro,
akaishusha toka elfu tatu na mia nne
hadi mia mbili, "na sponji utashona, si wewe fundi?"
Sikumsahihisha. Mungu anisamehe.

Nyumbani mama alikuwa akichagua mchele.
Nikamvisha juu ya mtandio, nikamwekea palepale.
Akaacha sinia. Akatazama boriti.
Mabega yakaanza kumtikisika,
kisha, kwa sauti ya mtu asiyejua ana sauti,
akapiga ukelele nyumba nzima:
"ULIZIDI KWELI!"

Juu, orofa ya pili,
anakoishi shangazi Mwanaiki aliyepika pilau ile,
nyayo zikasimama.