Puti

Runingani ilichukua dakika tatu:
kigari kilichooza kwa kutu, kutoka Mambrui,
kikaingia gereji yetu ya Maweni kikichechemea,
kikatoka buluu, redio ikiimba.
Nami nilikuwemo. Mikono yangu, yaani;
sura ilikuwa ya mtangazaji.

Hazikuonekana siku kumi na moja,
wala sakafu iliyotafunwa na chumvi
hata ukiinua zulia unaiona barabara.
"Jaza puti," bosi akasema, "kamera haina kidole."
Nikajaza. Nikapiga msasa. Nikapaka.

Hesabu zikapanda kwenye kioo kwa kinanda:
kununua laki na ishirini, kukarabati hamsini,
kuuza laki tatu na nusu. Makofi!
Hotelini nikalipiwa chai na nisiowajua.

Mnunuzi, mwalimu Nyevu wa Gede,
kwa mkopo wa ushirika,
aliubusu usukani mpaka miwani ikamdondoka.
Kipande hicho walikirudia polepole.

Leo mvua imepiga tangu alfajiri.
Nimeketi mlangoni na spana isiyo na kazi,
nasikiliza magari yanavyopunguza mwendo.
La mwalimu nalijua:
hukohoa mara mbili kabla ya kuzimika.

Kikohozi cha kwanza hicho.