Difu ya Mwalimu Bahiya

Maji yametoka, Likoni, na mteremko wa feri
umevaa utelezi wa kijani.
Datsun ikapanda nusu, ikakataa.
Gurudumu la kulia likazunguka kama pia,
la kushoto kimya, kama mgeni aliyenuna.
Nyuma, honi. Wauza korosho wakaja kusukuma.
Mwalimu Bahiya, miaka sabini na mmoja, hakushuka.
Aliteremsha kioo akasema:
"Taratibu. Mnaniharibia rangi."

Basi difu yake iko juu ya benchi langu, Makupa,
tumbo wazi.
Oili imetoka nyeusi kama wanja
na harufu ya yai viza.
Sumaku ya chini imeota sharubu za chuma.
Nne hizi ndogo za katikati, namwambia Chivatsi,
tunaziita buibui.
Ana mwezi wa pili kazini. Akauliza:
la miguu minane, au la kuvaliwa?

Difu ya kawaida ni hakimu mvivu,
anayeteleza ndiye apewaye.
Hii waliitilia sahani ubavuni,
moja yenye meno nje, moja yenye meno ndani,
zibanane, zisuguane,
ili mmoja akipotea njia
mwenziwe asinyimwe haki yake.
Sasa zimelambwa na miaka hamsini,
laini kama senti ya tundu.
Hazibani kitu. Zinasalimiana tu.

Mpya zilikaa forodhani Kilindini
siku kumi na tisa.
Nimezilaza kwenye oili usiku kucha,
asubuhi nikazipanga, ya nje, ya ndani,
nahesabu kwa sauti,
maana fundi asiyehesabu akifungua
hubakiwa na sahani moja mkononi akifunga,
na hiyo moja haina pa kwenda.

Maikromita haina huruma.
Darasa la saba, kwake huyu huyu,
nilipata kumi na nne juu ya hamsini,
desimali zilinikimbia kama kaa wa pwani.
Leo nazishika moja moja:
shimu hii nene kwa unywele,
hii nyembamba kwa nusu ya unywele.
Nikapaka meno ya taji rangi ya buluu,
nikazungusha, nikainama kusoma chapa.
Imekaa kisiginoni.
Fungua.
Punguza shimu, funga, zungusha: imekimbilia kidoleni.
Fungua.
Mara ya tatu umeme ukaenda.
Chivatsi akashika tochi ya simu kwa meno,
na pale, katikati ya jino,
doa la buluu, mviringo, kama punje ya mbaazi.
Sikusema neno. Niliogopa kulisogeza.

Kisha jeki upande mmoja, giya huru,
spana ya kupimia kwenye gurudumu lililo hewani.
Sindano ikapanda,
ikasita,
chuma kikaguna ndani kwa ndani,
kikaachia.
"Imeshika?" Chivatsi akauliza.
Imeshika.

Alhamisi akaja mwenyewe, na mkoba na miwani,
akazunguka mtaa mara moja, akarudi.
"Mbona inanung'unika kwenye kona?"
Ni sahani, Mwalimu. Kona ni moja,
lakini gurudumu la nje lina safari ndefu zaidi,
na hizi sahani hazikubali lijiendee tu.
Itazoea. Usiitie oili nyingine ila niliyokuandikia.
"Duara la nje ni refu," akasema.
"Hilo nilikufundisha mimi.
Ulikuwa ukitazama dirishani."

Nilikuwa nikitazama magari.

Akaketi juu ya tairi kuukuu
akapitia risiti yangu, mstari kwa mstari,
midomo ikimchezacheza.
Akatoa kalamu nyekundu.
Pembeni mwa jumla akapiga mkasi mdogo,
akasahihisha, akahesabu noti, akaniachia:
nilikuwa nimejipunja mia nne.

Pale kwenye kona, gari likaguna tena.